Nimemwagilia Maua ya Plastiki kwa Siku Arobaini na Tatu

Mama Jescah mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono na si kwa taipureta ya ofisi, kwanza kwa sababu taipureta ni mali ya serikali, na pili kwa sababu herufi yake ya "k" imevunjika mguu na mtu yeyote hapa angeitambua. Nahitaji neno lako kabla ya tarehe nane Julai. Baada ya hapo utakuwa unamshauri maiti. Majina yote nimeyabadilisha, isipokuwa ya maua.

Mimi ni karani, umri wangu ni miaka ishirini na mitatu, niko katika ofisi moja ya serikali hapa mjini Kakamega kwa muda wa majaribio unaokwisha Julai hii, na barua ya kunithibitisha kazini inangoja sahihi ya mtu mmoja tu, mkubwa wetu, ambaye nitamwita Bwana Kiprop, na wewe unajua mwaka huu wa 1996 jinsi serikali inavyopunguza watu, orodha inaandikwa, inafutwa, inaandikwa tena, na aliye kwenye majaribio hana haja ya kuulizwa neno, anafutwa kama kosa la penseli. Na nyumbani Butere baba yangu, aliyeuza miwa ya misimu miwili ili nisomee ukarani, amekwisha kusimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe ni mtu wa serikali.

Ofisi yetu iko ghorofani na ina roshani. Hadi mwaka jana roshani hiyo ilikuwa na jua la kutosha, kisha jirani akapandisha ukuta wa jengo lake, na sasa jua linaingia saa moja asubuhi na kuondoka saa nne na nusu, kama wakubwa wengine ninaowafahamu. Hapo ndipo Bwana Kiprop alipoweka vyungu vinne vya miwaridi. Mitatu aliinunua, mirefu, yenye maua makubwa mekundu, moja moja kwenye ncha kama taa za barabarani. Wa nne ni mfupi, unatoa vijiua vya pinki kwa vichala, na huo alitoa tawi lake Likuyani, kwenye shamba la kwao, ambako mama yake aliukuta ukutani mwa nyumba ya mzungu aliyehama, akaulea miaka thelathini. Mama huyo sasa ni marehemu. Natumaini unaanza kuelewa kwa nini nimetaja maiti.

Tarehe nne Machi Bwana Kiprop alikwenda Nairobi kwa mafunzo ya miezi minne, naye anarudi tarehe nane Julai. Kwenye jalada aliniachia agizo: "Karani, mwagilia kila siku." Maneno manne na sahihi.

Mama, mimi nilifundishwa kwamba agizo lililo kwenye jalada hutenguliwa na agizo jingine kwenye jalada, si na mawingu. Basi nilifungua rejista, nikachora safu, tarehe, saa, kiasi cha maji, sahihi, nikamwagilia kila siku saa mbili kamili asubuhi, hata zile siku ambazo mvua ya Kakamega ilinyesha tangu saa nane mchana hadi vyura wakapanda ngazi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma, nilikwenda maktaba nikaazima kitabu kilichochapwa Uingereza, chenye picha nzuri sana, kinachosema kwamba mwezi wa Machi waridi hukatwa hadi libaki na vichipukizi vitatu, na kwa kuwa ilikuwa Machi, nilikata. Vijiti nilivitupa kwenye pipa la taka. Mama anayetupikia chai na kufagia, ambaye nitamwita Muhonja, aliniuliza, "Mwalimu, umenyoa ama umechinja?" Ananiita mwalimu kwa sababu naongea Kiswahili cha kitabu. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akasema, "Hapa watu wamevaa koti," akaenda zake.

Halafu maji yakaanza kuchuruzika kutoka vyunguni hadi kwa fundi cherehani aliye chini yetu, akapanda juu ameshika koti la bwana harusi limelowa bega zima, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti la familia, nami kwa kuogopa asishtaki nikageuza vyungu, nikaziba matundu yote kwa lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri ya barua, nikaziba vizuri sana, kwa sababu kazi ya lakiri naijua.

Yalitoka majani machache, yakawa ya njano yenye madoa meusi, yakaanguka. Mwishoni mwa Aprili niling'oa mmoja kutazama. Mizizi ilinuka kama mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji. Nikaurudisha kimya kimya, nikajaza rejista: "Imemwagiliwa."

Sasa nafika mahali pa kuungama. Tarehe mbili Mei nilikwenda nyuma ya soko kwa mafundi wa majeneza, kwa sababu huko huuzwa mawaridi ya plastiki ya kupamba makaburi. Muuzaji akaniuliza kwa upole, "Pole sana, ndugu. Marehemu ni nani?" Nami nilivyo na desturi ya kujibu kwa usahihi nikasema, "Ni wanne." Akashika kichwa, akanipunguzia bei. Nikafunga maua hayo kwa uzi wa kijani kwenye vijiti vilivyokufa, mekundu kwenye vyungu vitatu, ya pinki kwenye cha nne, na tangu siku hiyo hadi leo, tarehe kumi na tatu Juni, Jumapili zikiwemo, nimeyamwagilia saa mbili kamili na kutia sahihi. Nitaachaje? Watu wananitazama.

Ubaya ni kwamba yamependwa. Naibu wa mkubwa, nitamwita Bi. Zilpah, hutazama maua hayo kupitia kioo cha dirisha, na miwani yake huivaa kwenye paji la uso. "Hebu ona!" aliwaambia wageni. "Mvua yote hii na mawe juu yake, hayajadondosha hata petali moja. Kijana huyu ana mkono!" Akanifanya mwenyekiti wa kamati ya kupamba ofisi. Tena yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na Jumapili ya tarehe saba Julai anataka mawaridi yetu madhabahuni. Nilisema ndiyo, Mama. Mbele ya Bi. Zilpah neno jingine halitoki.

Na Muhonja ananitia wasiwasi kuliko wote. Juzi alisimama roshani na birika, akatazama maua, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hii maua yako mbona hainukangi?"

"Ni aina ya Uholanzi," nikasema.

"Aa. Na nyuki je? Nyuki inafikanga hapo, inazunguka, inaenda. Ni kama imeambiwa irudi kesho."

"Nyuki hawajaizoea."

"Huko Uholanzi nyuki hakuna?"

Nikasema nina simu ya kupiga. Simu yetu imekatwa tangu Januari.

Basi nimebakiwa na siku ishirini na tano na mawazo matatu. La kwanza, niseme yameibwa, lakini mwizi gani huiba ua na kuacha chungu? La pili, niache kazi kabla sijafukuzwa, halafu baba arudi kanisani kutangaza tena. La tatu ndilo ninalokuuliza, nawe umesifika kwa mambo ya bustani: je, kuna aina ya waridi isiyotaka kubembelezwa, inayokubali kukaa chunguni, isiyojali nusu kivuli, na inayoweza kuchanua ndani ya siku ishirini na tano? Nitainunua popote ilipo. Tafadhali jibu haraka, na tafadhali usitaje Kakamega.

Wako mtiifu,
Karani Mwenye Hofu,
Kakamega

Mama Jescah anajibu:

Karani wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, na ya pili kwa sababu nilitaka kucheka tena. Uliniomba nisitaje Kakamega, kisha ukaiandika chini ya jina lako. Nimekuhurumia zaidi.

Pongezi kwanza. Waridi ni mmea mgumu. Mbuzi hulitafuna likachipuka, mtoto hulikanyaga likachipuka. Wewe umeua manne kwa rejista, kitabu na lakiri. Ungekuwa mvivu, mwanangu, yangekuwa hai. Ungelewa miezi minne mfululizo ukasahau kabisa kwamba ofisi ina roshani, Bwana Kiprop angerudi akayakuta na majani. Kakamega mbingu haihitaji kukumbushwa kazi, na ukimwaga maji asubuhi juu ya mvua ya jana, ndani ya chungu ulichokiziba kama bahasha ya siri, unalea samaki. Na kitabu kilikuambia ukate Machi kwa sababu Machi ya wenzetu ni mwisho wa baridi kali, mti huwa umelala. Wako ulikuwa macho, unaingia msimu wa mvua, ukaukata shingo. Muhonja alikuambia watu wa kwenye picha wamevaa koti. Alikuwa amesoma kitabu hicho kuliko wewe.

Sasa swali lako. Waridi la siku ishirini na tano lipo, nawe umekwisha kulinunua kwa mafundi wa majeneza. La mizizi halipo. Lakini waridi lisilosumbua, la chungu, la nusu kivuli, hilo lipo tele, ila hulitafuti kwenye picha, wala usitafute lile lenye ua kubwa kama sahani. Mirefu mitatu ya Bwana Kiprop ilikuwa ya uwanja wazi. Kwa jua la muda wa saa tatu na nusu tu ingekonda, ingerefuka shingo ikichungulia ukuta wa jirani, na kushikwa na madoa meusi hata bila wewe. Hiyo mitatu ulifupisha tu mateso yake. Unachotaka ni mwaridi mfupi, wenye matawi mengi, majani madogo yanayong'aa, na maua madogo yanayotoka kwa vichala na kurudi tena na tena. Unautambua hivi: pita nyuma ya kanisa, pita karibu na bomba la maji la shule, tazama uwanja wa ajuza asiye na nguvu ya kuinama. Mwaridi uliochanua mahali ambapo hakuna anayeushughulikia, huo ndio wako. Omba tawi. Jua la asubuhi ulilo nalo litautosha, na ni zuri, kwa sababu hukausha umande kabla ukungu haujapata makao.

Upe chungu chenye kina cha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, au debe, mradi lina matundu, na chini yake weka mawe mawili liinuke. Fundi cherehani mwekee sahani ya kukinga maji. Lakiri irudishe kwenye barua. Udongo mweusi sehemu mbili, samadi ya zamani isiyonuka sehemu moja, mchanga wa mto sehemu moja. Kisha tumia kifaa ambacho serikali haijakupa lakini unacho: kidole. Kizamishe udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umenata, nenda kaketi. Kikitoka kikavu, mwaga maji kwenye udongo, si kwenye majani. Ua likinyauka likate, jani lenye madoa liokote ulitupe mbali, kila wiki geuza chungu robo ili kila upande uone jua. Ukataji mkubwa usahau mpaka mtu mwenye akili awe amesimama karibu.

Ningeishia hapo, nikuache na hofu yako. Lakini siku kumi kabla ya barua yako nilipokea nyingine, pia kutoka Kakamega, iliyoandikwa na msichana wa kidato cha pili kwa niaba ya mama yake. Niliiweka kando nikiwaza namna ya kuijibu. Mama huyo aliniruhusu niichapishe, basi soma:

"Mimi napikanga chai kwa ofisi ya serikali. Karani yetu alikata maua ya mkubwa akatupa. Niliona ni uchoyo kutupa kitu iko na uhai, nikafunga hiyo miti na gazeti, nikaenda nayo nyumbani Shirere, nikadunga kwa mikebe ya mafuta ya kupikia chini ya paa, mahali jua linafika asubuhi tu. Ile tatu kubwa ilikauka. Ile moja ya pinki imeshika na imeanza kutoa maua. Swali yangu ni hii: nimeiba mali ya serikali? Kwa sababu wakipunguza watu wanaanzanga na wa chai. Swali ya pili: huyo kijana amefunga maua ya matanga kwa miti yenye imekufa, na anaimwagilia kila asubuhi, anatia sahihi. Jioni mimi namwaga hayo maji ndio mbu isizae. Ni mtoto mzuri, anasalimianga watu. Nikimwambia najua, atakufa na aibu. Nikinyamaza, atakufa na mkubwa. Nifanye nini?"

Haya, karani. Kunywa maji kwanza.

Kwa hivyo mwaridi wa mama yake Bwana Kiprop uko hai, Shirere, ndani ya mkebe, katika nusu kivuli kama cha roshani yako, mikononi mwa mtu asiye na kitabu. Ulikuwa unaniuliza ni aina gani isiyosumbua, nayo umeitupa kwenye pipa. Mama ambaye umekuwa ukimkimbia kwa simu iliyokatwa amekuwa akikufichia siri na kumwaga maji machafu ya vyungu vyako, huku akiogopa kufungwa kwa kuokoa kitu ulichokitupa wewe. Mama, kama binti yako anakusomea haya: kilichotolewa kwenye pipa la taka hakikuibwa. Lala usingizi wako. Na chai iendelee.

Wewe bado. Gazeti hili linatoka Jumamosi tarehe ishirini na mbili, una siku kumi na sita. Leo hii, ukishaliweka chini, shika njia ya Shirere. Beba sukari kilo mbili na chungu kizuri chenye matundu. Usibebe rejista. Mwite huyo mama "mama", siyo "mhudumu", na umwombe yeye auhamishe huo mwaridi pamoja na udongo wake wote, wewe ushike tu chungu. Mwombe pia akukatie vijiti vitatu vya unene wa penseli na urefu wa shubiri moja, akuonyeshe anavyovidunga. Hivyo vitajaza vyungu vingine vitatu, navyo vitachukua miezi miwili kushika, na havitakuwa na ua lolote Bwana Kiprop akija. Vyungu vitakuwa na vijiti. Vijiti vilivyo hai, lakini.

Jumatatu mwendee Bi. Zilpah kabla hajavaa miwani, umwambie madhabahu yatafute maua kwingine. Atafoka. Mtu hafi kwa kufokewa. Ingekuwa hivyo serikali isingehitaji orodha. Maua ya plastiki fungua uzi, yaoshe, mrudishie muuzaji wako, umwambie kati ya marehemu wanne mmoja amefufuka. Kwa jinsi alivyonichekesha, ananidai.

Na Bwana Kiprop? Usimwandikie. Barua zako zina maelezo mengi. Tarehe nane mngoje juu ya ngazi kabla hajaifikia roshani, ukiwa na chungu cha mwaridi wa pinki mikononi, na huyo mama amesimama kando yako, si nyuma yako. Sema kwa mdomo wako: "Mzee, mitatu niliiua kwa kuogopa kuuliza. Wa mama yako niliutupa. Mama huyu aliuokota." Kisha nyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo litakalokushinda, kwa hivyo anza mazoezi leo.

Siwezi kukuahidi kwamba atatia sahihi. Anaweza kukasirika, na ana haki. Lakini mtu aliyebeba tawi la mama yake kutoka Likuyani hadi Kakamega atataka kwanza kujua kama limeshika, ndipo aulize karani ni nani. Akikuondoa, utakuwa umeondolewa kwa kosa ulilolifanya, na baba yako ataweza kulieleza kanisani bila kuinamisha kichwa. Akikuacha, utakuwa umebaki kazini bila kufungia ua uzi kila asubuhi.

Jioni hiyo fungua rejista kwa mara ya mwisho. Chini ya sahihi zako zote za uongo, andika: "Mitatu ilikufa. Mmoja uko hai Shirere, umerudi." Weka jina la mama huyo kwanza, lile la kweli, kisha lako. Halafu uifunge, utoke roshani, na nyuki wakifika, usiwaambie warudi kesho.